Wodi Niliyoipaka Kijani

Butimba, saa tisa alasiri

Mwanangu Mafuru,

Nakuandikia ukiwa hujafika mbali. Sasa hivi bila shaka uko kwa kinyozi, au umeshafika Igoma na rafiki zako wanakutania kwamba ukirudi kutoka Mtwara utakuwa unaongea kama watu wa kule. Umesema utarudi jioni. Begi lako liko hapa sebuleni, limefungwa, na kila nikipita nalikwepa kama mgeni ambaye sijamsalimia. Basi linaondoka kesho alfajiri pale Nyegezi, kwa hiyo nina alasiri hii tu. Nimekaa kwenye meza ya chakula na karatasi nilizochana kwenye daftari lako la VETA. Usinune, zilikuwa tupu.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa wala za kuamka mapema. Una miaka ishirini na moja, ni fundi umeme, umepata kazi kwa cheti chako mwenyewe. Ugali unasonga vizuri kuliko alivyosonga baba yako, Mungu amrehemu, na nguo unafua kuliko mimi. Hayo nimeyasema mpaka ukaanza kunimalizia sentensi. Ninalotaka kukuandikia ni jambo ambalo sijawahi kukuambia, na nisipoliandika leo utaondoka nalo limepinda vile vile ulivyolibeba tangu ukiwa na miaka tisa.

Kazi yangu unaijua kwa nje. Unajua natoka asubuhi kwenda saiti, kwenye majengo ya watu, na kompyuta na stendi ya miguu mitatu, narudi jioni miguu imevimba. Mtaani wananiita mama waifai, na ulipokuwa darasa la sita uliniomba nisije shuleni nimevaa ile fulana ya kazi. Lakini undani wake sikuwahi kukueleza, na bila huo hutaelewa nilichokifanya. Mtu akitaka mtandao usio na waya kwenye jengo lake, hafungi tu ruta ukutani akamwachia Mungu. Anaita mtu kama mimi. Nafungua ramani ya jengo kwenye kompyuta, naweka kifaa cha kujaribia juu ya stendi pale ninapofikiri ruta itakaa, halafu natembea. Kila baada ya hatua chache nasimama na kubofya kwenye ramani mahali nilipo. Programu inapima mawimbi yanayonifikia na kupaka rangi: kijani ni mtandao mzuri, njano ni wa kusuasua, nyekundu hakuna kitu. Nikimaliza jengo zima ndipo tunajua ruta ngapi zinatakiwa na zikae wapi. Jambo moja ulishike. Programu haijui nimesimama wapi, inaamini pale nilipobofya.

Ni kazi ya kuonekana kichaa. Unakumbuka yule mama muuza vitenge wa mjini? Nilikuwa nazunguka ghorofa lao na kompyuta imening'inia shingoni, nasimama, nabofya, nasogea. Akafunga duka akanifuata. "Dada, samahani. Mnabomoa lini?" Nikamwambia napima mtandao tu. Akanitazama juu mpaka chini. "Haya. Ila kama mnabomoa mtuambie mapema, tuna watoto." Ulikuwa na miaka minane nilipokusimulia, na kwa wiki nzima ulizunguka nyumba na kibao cha kukatia nyama, ukisimama kila kona. "Hapa kijani, mama. Hapa njano." Chooni ilikuwa nyekundu siku zote. Nakuona hivyo mpaka leo, na mchana huu nimekuona hivyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuvumilia.

Kosa langu la kwanza la kazini lilikuwa la kuchekesha, na hilo unalijua. Kiwanda kimoja cha minofu ya samaki kiliniita nipime chumba cha barafu. Nikaenda siku ya usafi, chumba kitupu, sauti yangu inarudi kutoka ukutani. Kijani kila mahali, nikarudi nyumbani naimba. Siku walipojaza maboksi ya sangara mpaka darini, mtandao ulikata kabisa. Maji yanameza mawimbi, na samaki ni maji, hata mtu ni maji. Fundi mzee wa kiwandani alinicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo sijawahi kupima jengo bila kuuliza litajaa nini, na ninakusihi hilo ulichukue hata kwenye kazi yako ya waya. Chumba kitupu kisikudanganye.

Sasa nifike kwenyewe.

Ilikuwa hospitali moja ya ng'ambo, upande wa Sengerema. Siitaji, maana wao hawakukosea kitu. Walikuwa wanahamisha mafaili ya wagonjwa kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kompyuta, manesi wawe na kompyuta kwenye vitoroli, wamwite daktari kwa mtandao badala ya kutuma mtu akimbie. Ilikuwa kazi yangu kubwa ya kwanza kupewa peke yangu. Bosi wangu, Mzee Kulwa, alinikabidhi vifaa akasema, "Dada Koku, hii ni yako." Daraja la Kigongo halikuwepo bado. Nikavuka na feri ya kwanza, nikakuacha umelala, nikamwomba jirani yetu Mama Sospeter akuangalie.

Walinipokea kama waziri, na nikisema hivyo sitanii. Mhasibu, matroni, mpaka mganga mkuu mwenyewe, wote wakaniita Injinia. Mimi, mtoto wa mkulima wa kahawa kutoka Kagera, niliyejifunza hii kazi kwa kubebea watu ngazi! Injinia karibu, Injinia keti hapa. Wakasema saa sita wameandaa chakula cha uongozi, na kama ripoti itakuwa tayari ningewaonyesha pale pale mezani. Nikatembea jengo lile kama nimeota mabawa. Hadi saa nne nilikuwa nimebakiza wodi moja ya nyuma, ya wazazi.

Nesi wa zamu pale aliitwa Leokadia, mwanamke mfupi, hana haraka na mtu. Akanisimamisha mlangoni. "Injinia, subiri kidogo. Akina mama wanaogeshwa, halafu daktari anapita. Ukija saa nane nitakuzungusha mwenyewe, kuna mambo ya kukuonyesha humu." Saa nane! Chakula kilikuwa saa sita. Nikaangalia ramani: baina ya korido na wodi kilichoandikwa ni "Stoo", chumba kidogo cha kawaida. Wodi nyingine zote zilikuwa zimetoka kijani. Nikasimama pale koridoni, karibu kabisa na stendi yangu, nikabofya ndani ya wodi kwenye ramani. Nikabofya tena na tena, mara kumi na kitu, kitanda hadi kitanda, na miguu yangu haijatoka koridoni. Wodi ikajaa kijani kizuri sana.

Saa tano ndipo ulipopiga simu.

Naomba usome sentensi hiyo mara ya pili, mwanangu. Nilipaka wodi saa nne. Wewe ulipiga saa tano.

Ulitumia simu ya Mama Sospeter. Sauti yako ilikuwa ndogo. "Mama, naumwa. Kichwa kinauma na nasikia baridi." Nikasema, "Nakuja, baba. Nakuja sasa hivi." Na ningeweza kuja. Kazi, kwa jinsi nilivyoifanya, ilikuwa imekwisha, na feri ya mchana ningeiwahi. Halafu, nikiwa bado nakusanya vifaa, matroni akatokea mlangoni. "Injinia, tunakusubiri." Nikaenda kukaa mezani. Nikala sato wa kukaanga na ndizi, nikafungua kompyuta nikawaonyesha rangi ya kijani, wakapiga makofi. Nilijua una homa na nikaomba niongezewe mchuzi.

Nilifika nyumbani jua limeshazama. Mama Sospeter alikuwa ameshakupeleka zahanati, umechomwa sindano ya malaria, umelala kwake kwenye mkeka. Ukafungua macho ukaniuliza, "Feri ilichelewa?" Nikasema ndiyo, feri ilichelewa. Huo ndio uongo wa kwanza, na ulikuwa mdogo kuliko uliofuata.

Ruta zikafungwa kwa kufuata ripoti yangu. Wodi zote zikafanya kazi isipokuwa ile ya wazazi, ambako mtandao ulikuwa hauingii kabisa. Manesi wakawa wanasukuma kitoroli hadi kwenye ngazi za nje ndipo ujumbe uende kwa daktari. Mvua ilipoanza, Leokadia aliteleza kwenye ngazi hizo akiwahi kumwitia daktari mama mmoja aliyekuwa na hali mbaya. Yule mama na mtoto wake walipona, nashukuru Mungu kila nikikumbuka. Leokadia alivunjika mkono wa kulia.

Mzee Kulwa akaja hapa nyumbani Jumamosi moja kuchukua vifaa. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kigoda pale karibu na mlango wa jikoni, na kikombe cha uji mkononi. Yeye hakufoka, na ingekuwa afadhali angefoka. Akasema kwa ile sauti yake ya pole, "Dada Koku, wodi ile nimeipima mwenyewe. Ni nyekundu. Mbona lipoti yako inasema kijani?"

Nikakuonyesha kwa kidole. Nimejaribu miaka yote hii kukumbuka kwamba niligeuza uso tu, au nilitikisa kichwa upande wako, lakini hapana. Nilinyoosha kidole. "Huyu alikuwa anaumwa. Alinipigia simu nikiwa katikati ya kazi. Nikakatisha."

Mzee Kulwa akakutazama, akasema, "Pole, babu." Kisha akachukua stendi na kompyuta akaondoka. Wewe uliweka kikombe chini taratibu sana, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto mchanga.

Unaikumbuka miezi iliyofuata, nikiwa sina kazi. Nilikaanga mandazi pale njia ya kwenda chuo cha ualimu, na kabla ya shule ulinisaidia kubeba ndoo ya unga. Watu walikusifu kwamba una adabu, na mimi nikajisifu kwamba nimelea. Kumbe ulikuwa unalipa kosa langu, na asubuhi moja ukalisema waziwazi. Tulikuwa njiani, umeshika mpini wa ndoo upande wako, ukasema, "Mama, nikiumwa tena sitakuambia."

Nilikusikia vizuri kabisa. Ningeweza kuweka ndoo chini nikakwambia ukweli pale pale. Badala yake nikasema, "Tembea, tutachelewa."

Baadaye nilivuka kwenda kumwona Leokadia. Hilo pia hujui, nilikuambia naenda msibani. Mkono wake ulikuwa bado kwenye plasta. Sikujua nianzie wapi, nikamwambia tu kwamba siku ile sikuingia wodini. Akasema, "Najua hukuingia. Ningekuona." Kisha akanishika kiwiko kwa mkono wake mzima akanipeleka mpaka kile chumba kilichoandikwa stoo, akagonga ukuta. "Hapa palikuwa na eksirei, zamani, kabla hawajajenga mpya. Ndani ya huu ukuta kuna bati la madini ya risasi, la kuzuia mionzi, hakuna kinachopita. Ndiyo niliyotaka kukuonyesha." Alikuwa anajua, Mafuru. Alitaka kuniambia, ila aliniomba saa nne za kusubiri na mimi sikumpa. Nikaazima kifaa, nikapima wodi nzima kitanda kwa kitanda akina mama wakiwa wamelala humo na watoto wao, nikamwandikia Mzee Kulwa mahali pa kuweka ruta ya ndani. Nikamwandikia pia saa niliyoipaka kijani na saa uliyonipigia. Ndiyo maana alinirudisha kazini, polepole, kwa vijengo vidogo vidogo.

Kwa hiyo bosi nilimwambia ukweli, na nesi nilimwambia. Wewe niliyekunyooshea kidole nikakuacha hivyo hivyo. Nilijiambia umeshasahau. Mtoto wa miaka tisa anakumbuka nini? Ulikuwa unacheka, unacheza mpira, unapasi mitihani. Sikuona dalili, na sikwenda kutafuta.

Mpaka ulipokuwa kidato cha tatu, bweni. Nikapigiwa na mwalimu wa malezi siku ya Alhamisi, ananiuliza kama nitakuja kuona mkono wako. Mkono gani? Ulikuwa umevunjika Jumatatu uwanjani. Umekaa siku tatu na mkono uliovunjika, umewaambia walimu wasinisumbue. Nilipofika nikakuuliza mbona hukupiga simu, mama yako niko hai. Ukanijibu kwa upole kabisa, bila kinyongo chochote:

"Ulikuwa saiti, mama."

Nililia kwenye gari kutoka pale mpaka Mwanza. Abiria wa pembeni akanipa leso akidhani nimefiwa. Hata hapo sikusema. Ningeanza vipi? Kila mwaka ulivyozidi kupita neno lilizidi kuwa zito, na mimi ni mwoga, nakuambia leo ulijue. Watu wanaona mwanamke anayepanda ngazi ndefu na kubishana na wakandarasi, wanadhani nina moyo wa chuma. Nimeogopa uso wako kwa miaka kumi na miwili.

Na nimekukosa, baba, ukiwa humu humu ndani. Hilo ndilo sikuwa nimejua kwamba linawezekana. Unanisalimia kila asubuhi, unanitengenezea soketi, unaninunulia dagaa wa Kirumba bila kutumwa, lakini shida yako hata moja hujaniletea. Yule binti mliyeachana naye mwaka jana nilisikia kwa Mama Sospeter. Ulipokosa ile kazi ya Geita nilijua kwa sababu ulipiga pasi shati lile lile mara mbili. Nimekuwa mama anayekisia mtoto wake. Kesho utakuwa mbali, nchi nzima itakuwa katikati yetu, na sitakuwa hata na mashati ya kuangalia.

Nilitaka kuificha barua hii kwenye begi, chini ya shuka, uikute Mtwara. Nimefikiria hivyo tangu asubuhi. Ningekuwa nimejiokoa tena, wewe ukaisome peke yako kwenye chumba cha kupanga, na mimi huku nikipika kana kwamba hakuna kitu. Nimebadili mawazo muda huu huu ninapoandika. Nitakupa mkononi ukiingia tu, na utaisoma nikiwa nyumba moja na wewe.

Hukuniharibia kazi. Hukuniharibia chochote. Ulikuwa mtoto mwenye homa, ukampigia mama yako simu, na hakuna jambo sahihi zaidi ambalo ungelifanya siku ile. Mimi ndiye niliyesema nakuja nisije.

Sikuombi unisamehe leo. Ninachoomba ni kwamba ukiumwa kule unipigie. Ukigombana na bosi, ukijisikia mpweke, ukipigwa na umeme, ukishindwa kula chakula chao, nipigie. Nikiwa saiti nipigie. Nikiwa mezani na wakubwa wananiita Injinia, nipigie mpaka niinuke. Na kama umekasirika, nipigie unifokee, maana hujawahi kunifokea hata siku moja na sasa najua kwa nini.

Nasikia geti. Ni wewe, najua unavyolisukuma kwa mguu, nimekukataza mara ngapi?

Basi haliondoki mpaka kesho alfajiri, na jioni yote hii ni yetu. Soma polepole. Ukimaliza, kwa hasira au kwa vyovyote, nipo jikoni. Njoo.

Mama yako,
Koku